Kuhesabu Wageni wa Ziwa Babati

Ziwa Babati halina geti. Hakuna kibanda cha tiketi wala ubao wenye bei mbili, ya mgeni na ya mwenyeji. Ukishuka stendi unachukua bodaboda, au unatembea tu kuelekea kusini, upande wa barabara ya Kondoa. Muda si mrefu matete yanaanza, na nyuma ya matete kiboko anaibuka na kupuliza maji puani. Mvuvi anayeshona wavu hainui hata kichwa. Kule Ziwa Manyara, si mbali sana kurudi kaskazini, watu huvuka bahari na kulipa dola ili wamwone mnyama huyuhuyu. Babati kiboko ni jirani, tena jirani mkorofi: mchana kutwa yumo majini, usiku anapanda mashambani kula mahindi ya watu.

Wengi wetu mji huu tumeuona kwa dirisha la basi. Uko kwenye barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma, kipande cha ile njia ambayo wakoloni wa Kiingereza waliiota kutoka Cape Town hadi Cairo, na hapohapo inachepuka njia ya Singida. Tangu lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilipozinduliwa mwaka 2018, mji umekuwa rahisi kufikika na rahisi zaidi kupitwa. Basi linasimama, abiria wananunua karanga na maji, konda anapiga ubavu wa gari, safari inaendelea. Mwaka 2002 Babati ilifanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara, uliomegwa kutoka Arusha. Ikapata ofisi, mabenki na nyumba za wageni, lakini kwa wasafiri ikabaki mahali pa kupita.

Mimi naona mji wa namna hii haujulikani kwa kutembelewa. Unajulikana kwa kupewa kazi ndani yake. Kazi niliyopewa mimi ni ya kujitolea, haina posho, na vifaa vyake ni darubini, daftari, penseli na subira: kuhesabu ndege wa maji mwezi wa Januari.

Kazi hii ina ukoo mrefu. Siku ya Krismasi ya mwaka 1900, huko Amerika ya Kaskazini, mtaalamu wa ndege Frank Chapman aliwashawishi watu watoke kuhesabu ndege badala ya kuwapiga risasi kama ilivyokuwa desturi ya sikukuu. Walijitokeza 27. Sensa ya kimataifa ya ndege wa maji ilianza Ulaya mwaka 1967, na Afrika ikawa na yake kuanzia 1991; leo zinaratibiwa na shirika la Wetlands International. Tanzania ilifanya hesabu yake ya kwanza ya pamoja, kwenye maziwa na mabwawa makubwa ya nchi, Januari 1995. Mwezi haukuchaguliwa kwa bahati. Januari ndege waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia wameshafika na kutulia, na bado hawajaanza kurudi kwao. Ukiwahesabu Oktoba au Aprili wako njiani, na aliye njiani utamhesabu mara mbili au usimhesabu kabisa.

Wenzetu wa pwani ya Pasifiki, Marekani na Kanada, wana kazi ya jamaa moja na hii, ila yao ni ya samaki. Wanaojitolea husimama kwenye mitego iliyojengwa mitoni, wakati samoni na steelhead wanapotoka baharini kupanda mto waliozaliwa. Kila samaki anaopolewa, anapimwa, anaandikwa, anaachiwa aendelee na safari. Huyo steelhead, kwa taarifa ya msomaji, ni spishi moja na trauti ambao Wazungu waliwamwaga katika mito baridi ya nyanda za juu za Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 ili wapate mchezo wa kuvua. Wa Kenya hashuki baharini. Anazaliwa na kufia mtoni.

Turudi ziwani. Huanza alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya Kwaraha, mlima wa takriban mita 2,400 unaosimama mashariki ya mji ukiwa na msitu kileleni. Saa hizo maji yametulia, upepo haujaamka, na mwanga uko mgongoni ukikaa upande unaotakiwa. Kundi letu lilikuwa dogo: mwalimu wa sekondari, vijana aliokuja nao, mimi, na mzee mwenye mtumbwi, ambaye ndiye aliyekuwa na amri ya mwisho juu ya wote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndio nyie wa ndege? Haya. Ila tuelewane mapema: majini nikisema tulieni, mtatulia. Mwalimu utafundisha huko shuleni."

Mwalimu akacheka, akasema, "Sawa, mzee, leo mwanafunzi ni mimi."

Mzee alijua kila mahali viboko wanapolala, na njia wanazopitia usiku kutoka majini kwenda malishoni. Kiboko, alisema, hafuatwi, anazungukwa. Na mtumbwi usiingie kati yake na kilindi, kwa sababu akishtuka hukimbilia kilindi, na chochote kilicho njiani hakioni. Tukawa tunafuata ukingo wa matete kwa pondo, taratibu, huku darubini zikifanya kazi ya kusogea karibu.

Kuhesabu ndege ni ufundi, na ufundi wake hauko machoni bali kichwani. Ndege wachache unawahesabu mmojammoja. Wakiwa mia mbili wametapakaa, unahesabu kumi kwa uhakika, unakariri ukubwa wa ile kumi, kisha unaipeleka kumi hiyo juu ya kundi lote kama pishi la mahindi linavyopelekwa juu ya gunia. Wakiwa maelfu, unatumia mia badala ya kumi. Mmoja anaita, mmoja anaandika. Wawili wanahesabu kundi lilelile bila kusemezana, halafu wanalinganisha. Wakipishana sana wanarudia. Ndege aliyeruka kutoka mbele akatua nyuma yako ameshahesabiwa. Aliyeruka kutoka mbele akatua mbele zaidi unamngoja mkutane naye huko. Vijana walilishika hili upesi kuliko mimi, na mwalimu aliniambia si ajabu: wamekua wakihesabu mbuzi jioni wakiingia zizini, kazi ambayo haikubali makisio.

Mnandi walikuwa kwenye miti iliyokufia majini, mbawa wamezitandaza zikauke. Yangeyange walijipanga ukingoni. Mwari walielea kwa makundi, wakizamisha midomo kwa pamoja. Kwarara walidonoa tope, mdiria alining'inia hewani akipiga mbawa juu ya mahali pamoja kabla ya kujitupa majini, na yule ndege wa vidole virefu alitembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Furukombe alilia mara moja na vijana wote wakainua macho, ingawa wanamsikia kila siku ya Mungu. Hao ni wenyeji, au wanaozunguka humuhumu Afrika kufuata mvua.

Waliokuwa wageni hasa ni wadogo, tena wa rangi ya udongo, na ndio wanaompa mhesabuji tabu. Chekeamwezi huyo anatikisa mkia kwenye tope. Kitwitwi huyo anakimbia ukingoni na kusimama ghafla. Kati yao wako wa uzito wa gramu ishirini na ushee, ambao wameangua mayai kwenye tambarare za barafu za Siberia mwezi wa Juni na kuja kula wadudu wa tope la Afrika Mashariki. Mzee wa mtumbwi alikuwa na darubini yangu wakati mwalimu akilieleza hili. Alimtazama ndege yule kwa muda, akairudisha darubini, akasema, "Na hapa wanapita watu na V8 hawasimami."

Idadi tulizoandika sizitaji. Namba za daftari la ukingoni hupelekwa kwanza kwa wanaozikagua na kuzilinganisha, na kuziuza gazetini mapema ni kuziharibia heshima. Nitasema tu kwamba ukurasa wa spishi ulijaa mbele na nyuma, kwenye ziwa ambalo unaweza kulitazama lote ukiwa umesimama mlimani.

Kuna sababu ya wingi huo. Katika sehemu hii ya Bonde la Ufa maziwa mengi ni ya magadi: Manyara, Burunge, Eyasi, na Natron huko kaskazini, ambako heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanazaliana. Ziwa Babati ni la maji baridi. Heroe ana mwani wake wa kwenye magadi. Ndege wanaotaka samaki wa maji baridi, vyura na majani laini wanakuja hapa. Msafiri anayekwenda Manyara kuona wekundu wa heroe na kuruka Babati ameona nusu ya bonde.

Viboko nao huhesabiwa, hata kama hawamo kwenye fomu ya ndege. Ni kazi ya kuchekesha. Kiboko anaweza kuzama dakika kadhaa, kwa hiyo kundi la wanane huonekana wanne, kisha sita, kisha wawili. Unakaa mahali pamoja, unahesabu tena na tena, unachukua idadi kubwa kuliko zote ulizoziona kwa wakati mmoja. Vijana wanaipenda kwa sababu ni ya kubishana.

Jua lilipopanda tulirudi mwaloni, ambako hesabu ya aina nyingine ilikuwa ikiendelea. Perege walikuwa wanapangwa kwa mafungu, kambare wamerundikwa kando, wanunuzi wameshika ndoo. Mialo ya nchi hii ina hazina ya takwimu ambayo wengi hatuifikirii. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ilifungua njia ya vikundi vya wavuvi wenyewe kulinda rasilimali za uvuvi, vinavyojulikana kwa kifupi BMU, na moja ya kazi zao ni kuandika kilichovuliwa: chombo gani, nyavu gani, samaki gani, kilo ngapi. Wanaofanya hivyo wengi hawalipwi kitu. Kwenye Ziwa Viktoria daftari kama hizo huwasaidia wataalamu kujua kama sangara wanapungua au la.

Nilimuuliza mzee kama hapa Babati kuna samaki anayesafiri, kama wale wa Marekani wa kupanda mto. Alijibu bila kufikiri: kambare. Mvua za kwanza kubwa zikinyesha na maji yakafunika nyasi za ukingoni, kambare hutoka ziwani usiku na kupanda kwenye maji hayo mapya kutaga mayai kwenye majani yaliyozama, kisha hurudi kilindini kabla maji hayajakauka. Wanakuja kwa wingi, kwenye maji yasiyofika magotini, na watu huwasubiri na tochi, mikuki na mapanga. Wengine huweka migono kwenye vijito wanamopita.

"Na kuna anayewahesabu, mzee?"

"Wanahesabiwa kwenye sufuria."

Sote tulicheka, na mzee zaidi ya wote. Lakini mwalimu aliendeleza hadithi hiyo kwa vijana wake kwa kuwataja ningu. Ningu ndiye samoni wetu hasa. Anaishi Ziwa Viktoria, na mvua zikifurika hupanda Kagera, Mara, Nzoia na mito mingine kwenda kutaga. Mtaalamu P. J. P. Whitehead aliandika mwaka 1959 makala mahususi juu ya samaki wa Viktoria wanaopanda mito. Kwa vizazi vingi watu wa kando ya mito waliwategea kwa uzio na migono na ningu hawakuisha. Zilipokuja nyavu za makila, zikajazana kwenye midomo ya mito, wakakamatwa wenye mayai kabla hawajafika walikokuwa wakienda. Katikati ya karne ya 20 ningu waliporomoka, na mpaka leo hawajarudi kuwa walivyokuwa. Kijana mmoja aliuliza kwa nini mgono hauwezi kuwa wa kuhesabia: unawakamata, unawaandika, unawaachia. Ndivyo hasa wanavyofanya huko Pasifiki, na yeye hakuwa ameambiwa.

Babati ina historia ya namna nyingine ya kuhesabu, na si ya kujivunia. Kati ya miaka ya 1920 na 1930 eneo hili lilikuwa kituo cha wawindaji wa Kizungu. Bror Blixen, Mswidi aliyekuwa mume wa mwandishi Karen Blixen, aliendesha shamba la Singu, karibu na mji, na kuongoza matajiri kwenda kuwinda. Ernest Hemingway alipita njia hii kwenye safari ya 1933 na 1934 iliyozaa kitabu chake Green Hills of Africa. Enzi hizo mnyama alihesabiwa akiwa amelala chini, na pembe zake kupimwa kwa utepe.

Leo, ukitoka Babati kurudi Arusha, ukishapita mashamba ya mpunga ya Magugu unaingia Kwakuchinja, ushoroba ambao wanyama huutumia kati ya Tarangire na Ziwa Manyara. Barabara yetu ya lami inaukata katikati. Hapa, kwenye vijiji vya wilaya ya Babati vilivyoungana kuunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Burunge, hesabu imewahi kutoa habari nzito. Nyumbu wanaohama katika mfumo wa Tarangire na Manyara walikadiriwa kupita 40,000 mwaka 1988. Hesabu ya mwaka 2001 ilipata kama 5,000. Njia zilizibwa na mashamba na makazi, ujangili ukamalizia. Watafiti wakajifunza kumtambua nyumbu mmojammoja kwa michirizi ya begani na twiga kwa mabaka yake, ambayo hayafanani kwa wanyama wawili, ili kwa picha tu wajue nani amevuka na nani hajaonekana tena. Ukipita Kwakuchinja asubuhi, mwombe dereva apunguze mwendo. Atakataa, lakini mwombe.

Jioni Babati ni mji wa kula. Kuna kambare wa kukaanga, kuna wali wa Magugu, na kuna mbaazi, ambazo ni fahari ya wilaya hii. Huuzwa hadi India, na India ilipoweka kikomo cha kuziagiza mwaka 2017 bei ilianguka hapa mpaka wakulima wakatamani kuzilisha ng'ombe. Kwenye meza moja utasikia Kigorowa, Kiiraqw, Kirangi, Kimbugwe na Kibarbaig, lugha za Kikushi, Kibantu na Kiniloti zikisalimiana kwa Kiswahili. Ukibahatika kufika siku ya mnada wa mwezi, utawakuta wote hao na Wamasai juu, kila mmoja akitazama ng'ombe wa mwenzake kwa jicho la hesabu.

Wazee watakusimulia pia mafuriko ya 1990, ziwa lilipopanda na kuingia mjini. Miaka mitano baadaye mtafiti wa Kiswidi, Klas Sandström, alichapisha makala akiuliza kama chanzo kilikuwa mabadiliko ya uoto katika nchi inayolizunguka. Mwaka huohuo wa mafuriko ulianza mpango wa kutunza ardhi uliofadhiliwa na Uswidi, LAMP, na baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Södertörn, kusini mwa Stockholm, wakazoea kuja Babati kufanya utafiti wa nje ya darasa. Wameandika tasnifu juu ya maji yetu, misitu yetu na mashamba yetu. Nafurahi kwamba zipo. Sifurahi kwamba kijana wa Babati anayetaka kujua ziwa la nyumbani kwao mara nyingi atalisoma kwa Kiingereza, katika kazi ya mtu aliyekaa wiki kadhaa.

Ndiyo maana ombi langu haliwaendei watalii. Watalii waje, walale, wale kambare, walipe mwenye mtumbwi vizuri bila kuombwa punguzo. Ombi liwaendee walimu wa baiolojia na jiografia wa shule za sekondari za Babati, na Halmashauri ya Mji inayoweza kuwasaidia. Hesabu ya mwaka mmoja haiwezi kuonyesha kama ndege wanapungua. Inahitaji miaka kumi mfululizo, ukingo uleule, wiki ileile, watu wanaojua ndege walewale, na hilo mgeni hawezi kulifanya. Gharama ni darubini mbili za kuazimana, daftari, nauli ya mtumbwi na Jumamosi moja katikati ya Januari. Mvua za kwanza zikinyesha, ongezeni usiku mmoja wa kambare. Anzeni mwaka ujao, na daftari la kwanza mlitunze shuleni.